Ncha ya Mkia wa Loula

Harlan Rentz alianza kuua nyoka siku alipopata nguvu za kuinua jembe. Aliwaua shambani, aliwaua ghalani, aliwaua barabarani kwa gurudumu la pikapu, kisha akarudi nyuma apite juu yao tena kwa uhakika. Kila aliyemuua alimtundika kwenye waya wa uzio, tumbo juu, kama alivyofanya baba yake na babu yake, kwa sababu nyoka aliyetundikwa tumbo juu huita mvua. Hakuuliza ni nyoka gani. Katika nchi ile ya misonobari na vinamasi, kusini kabisa mwa Carolina, kila nyoka mwenye rangi ya kutu aliitwa kichwa-shaba. Kichwa-shaba ana sumu, na mwenye sumu hahojiwi.

Sasa alikuwa na miaka sitini na mitatu, mgane, shemasi wa kanisa, na alisimama jikoni kwake akimpashia nyoka chakula.

Panya alitoka kwenye friza, mgumu kama jiwe, ndani ya mfuko uliokaa kati ya samaki na mbaazi. Harlan alimtumbukiza kwenye bakuli la maji ya moto na kusubiri. Baada ya muda alimbonyeza tumboni kwa kidole kuona kama barafu imekwisha ndani. Alijua sasa kwamba panya aliye baridi katikati humwozea nyoka tumboni. Alijua mengi asiyopenda kuyajua.

"We Harlan!" Sauti ilitoka dirishani. Ilikuwa ya Buford Malphrus, jirani yake wa upande wa pili wa uzio, mzee wa miaka sabini mwenye tumbo lililomtangulia kila aendako. "Unampikia mama mkwe?"

"Nampikia mgeni wa binti yangu."

"Mgeni asiye na miguu! Ngoja nilete jembe tumsindikize kwao."

"Mguse, Buford, uone. Nitakutundika wewe kwenye uzio, tumbo juu."

"Kwa tumbo hili, bwana, hutapata mvua. Utapata gharika."

Malphrus aliondoka akicheka. Harlan alimfuta panya kwa kitambaa, akambana kwa koleo ndefu, akaelekea kwenye chumba cha Ashlyn.

Kule, juu ya meza ambayo zamani ilikuwa ya vitabu vya shule, lilikaa tangi la kioo lenye urefu wa mlango uliolazwa. Ndani yake aliishi Loula. Alikuwa nyoka wa mahindi, wa rangi ya chungwa iliyoiva, mwenye madoa mekundu yaliyozungushiwa wino mweusi, urefu wake zaidi ya hatua moja ya mtu mzima. Watu wa zamani walimpa jina hilo kwa sababu hupenda kukaa kwenye maghala ya mahindi, waliko panya. Ashlyn alimpata akiwa mdogo kama penseli, akamlea miaka kumi na mmoja, na akamwita jina la bibi mpiga kinanda wa kanisani.

"Kwa nini Loula?" Harlan alimuuliza wakati ule, kwa aibu.

"Kwa sababu naye hapepesi macho," Ashlyn alijibu.

Ukutani, juu ya tangi, palibandikwa karatasi yenye mwandiko wa Ashlyn. Joto liwe upande mmoja tu, ili achague mwenyewe. Maji safi kila siku. Panya mmoja kila baada ya siku kumi. Usimshike siku mbili baada ya kula, atatapika. Funga vibanio vyote vinne vya kifuniko. Wakati wa baridi anaweza kufunga wiki nyingi, mwache. Na mwisho, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari: USIMPE PANYA ALIYE HAI.

Harlan alivaa glavu zake za ngozi, zile za kushikia seng'enge. Hakuwahi kumgusa Loula bila glavu. Alimshushia panya kwa koleo, akamtikisa kidogo. Loula alitoa ulimi, akaurudisha, akautoa tena. Kisha akapiga, haraka kuliko jicho, akamzungushia panya yule aliyekufa zamani mizunguko mitatu, kana kwamba bado kulikuwa na uhai wa kukaba.

"Kula, mama," Harlan alimwambia, akashangaa kusikia alichosema.

*

Siku moja kabla ya kuanza kifungo chake, Ashlyn alimkalisha baba yake kwenye kitanda cha chumba kile. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Alikuwa ameghushi karatasi za daktari ili apate vidonge. Vidonge vilikuwa vimemla meno, kazi na marafiki. Miezi kumi na minne, hakimu alisema.

"Baba, Sarge alitorokea wapi?"

Harlan aliangalia sakafu. Sarge alikuwa mbwa. Ashlyn alipokuwa na miaka tisa, Harlan alimpiga risasi mbwa yule kwa kuua kuku, akamwambia mtoto kwamba ametoroka. Kiangazi kizima mtoto aliweka bakuli la chakula kando ya barabara, jioni kwa jioni. Mwezi wa Septemba alienda kutafuta misumari kwenye sanduku la zana, akaikuta kola ya mbwa.

"Sikukasirika kwamba ulimuua," Ashlyn alisema. "Nilikasirika kwamba uliniangalia nikiweka bakuli."

"Ulikuwa mtoto."

"Sasa mimi si mtoto. Afisa wa magereza amenipa machaguo mawili nikitoka. Kuna nyumba ya wanawake huko mjini, na kuna hapa. Nataka kuja hapa. Ila nisikilize vizuri. Loula akiugua, niambie. Akifa, niambie. Usiseme ametoroka, usiseme hajambo. Sema amekufa. Nitajua kwamba katika nyumba hii kuna mtu anayesema kweli, na nitarudi. Ukinidanganya sirudi, Baba. Sitaweza. Mimi mwenyewe ni mwongo. Nikikaa na mwongo mwingine nitakufa."

Harlan aliapa. Hakuapa kwa Biblia, maana Ashlyn alikataa. Alimpa mkono, kama watu wanaouziana ng'ombe.

Na kwa miezi kumi mkono ule ulitimiza neno lake. Aliamka alfajiri akasoma kipimo cha joto. Alibadilisha maji. Loula alipojivua gamba, Harlan aliliokota zima, jepesi kama ganda la kitunguu, akalitia kwenye bahasha na kulipeleka gerezani, ambako mlinzi alilitupa. Hata hivyo Ashlyn alicheka kwenye simu mpaka dakika zikaisha.

Kisha ikaja Desemba, na Loula akakataa kula.

Wiki ya pili Harlan hakujali. Wiki ya nne alimtikisia panya mpaka bega likauma. Wiki ya saba alimuuliza Ashlyn kwenye simu.

"Ni baridi, Baba. Ndivyo walivyo. Mwache."

"Mnyama asiyekula anakufa, mwanangu. Nimefuga ng'ombe miaka arobaini."

"Loula si ng'ombe. Mwache tu."

Mwisho wa Januari alikwenda kumtembelea gerezani. Ashlyn alikaa upande wa pili wa meza ya chuma, mashavu yamebonyea, mifupa ya viganja imetokeza kama vifundo vya kamba. Harlan alimnunulia sandwichi kwenye mashine. Ashlyn aliikata vipande vinne, hakula hata kimoja.

"Kula, Ash."

"Sina hamu, Baba."

"Kula kidogo tu."

"Sina hamu, nimesema."

Harlan aliendesha gari kwa saa tatu kurudi nyumbani, sandwichi ile ikiwa kwenye kiti cha pembeni. Njia nzima alikuwa anaona mifupa ya viganja. Hakuna kitu ambacho angeweza kukitia kwenye kinywa cha binti yake. Kati yao kulikuwa na kuta, waya na walinzi. Lakini nyumbani kulikuwa na kinywa kimoja ambacho kingefikika.

Aliingia chumbani, akamtikisia Loula panya wa friza. Loula aligeuza kichwa. Basi Harlan akasema kwa sauti, mbele ya karatasi iliyobandikwa ukutani, "Haya ni mambo ya watu wa mjini." Akaenda ghalani. Kwenye mtego wa waya, kando ya magunia ya mahindi, alikuwapo panya dume, mnene, mwenye meno ya njano. Nyoka wa mahindi, panya wa ghala la mahindi: Mungu mwenyewe aliwaumba waonane. Nani asingeamka na kula chakula cha kwao?

Alimtia panya ndani ya tangi. Loula alijikunja kwenye kona ya baridi, bila kusogea. Harlan akawaza kwamba nyoka ana haya, hawezi kula akitazamwa. Akafunga vibanio vyote vinne, kama alivyoagizwa, akazima taa na kwenda kulala.

*

Asubuhi panya alikuwa amekaa juu ya kibanda cha mbao ndani ya tangi, ananawa masharubu.

Loula alikuwa chini yake. Kuanzia katikati mpaka karibu na mkia, mgongo wake ulikuwa wazi, na weupe ambao Harlan aliuona haukuwa wa ngozi. Panya mwenye njaa, aliyefungiwa usiku kucha na mnyama asiyetaka vita, alikuwa amekula kilichokuwapo.

Bado alikuwa hai. Ulimi ulitoka, ukarudi.

Harlan alimtoa kwa mikono mitupu. Hakukumbuka glavu. Alishtuka jinsi alivyokuwa mkavu, laini, mwenye joto lile lile la mkeka wa umeme uliokuwa chini ya kioo. Alimzungushia foronya, akamweka kwenye kiti cha pikapu pamoja na chupa ya maji ya moto. Daktari wa mifugo wa pale aliwajua ng'ombe na mbwa tu. Wa nyoka alikuwa mbali, ng'ambo ya mto. Loula alikufa kabla hawajafika darajani. Harlan alisimamisha gari kando ya barabara, akakaa. Malori ya magogo yalipita, yakaitikisa pikapu, na kila ilipotikisika foronya nayo ilisogea. Kila mara akafungua kutazama.

Alimzika nyuma ya nyumba, chini ya mwaloni. Panya yule Harlan alimuua kwa jembe. Hakuona kama amelipiza chochote.

Simu ililia Jumamosi. Sauti ya mashine ilitangaza kwamba mazungumzo yanarekodiwa. Harlan alikuwa amejiandaa. Maneno yalikuwa matatu: Loula amekufa, mwanangu. Alikuwa ameyasema mbele ya kioo cha bafuni siku tatu mfululizo.

"Baba! Amekula?"

"Ash, sikiliza…"

"Ngoja, kwanza nikwambie. Wiki hii nilishindwa kabisa kula. Nesi akanitishia hospitali. Sasa usinicheke: nimejiwekea nadhiri. Loula akila, na mimi nakula. Niambie, amekula?"

Harlan alifumba macho.

"Amekula," alisema.

Upande wa pili kikaja kicheko kidogo chenye machozi. "Nilikwambia! Si nilikwambia umwache?"

"Ulisema."

"Leo wanapika maharage. Nitakula mpaka sahani."

Mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini aliyeumwa na uongo wake mwenyewe hurudi kuushika tena. Jumamosi iliyofuata Ashlyn aliuliza, na Harlan akajibu. Nyoka anaweza kufunga miezi mitatu. Uongo hauwezi kufunga hata wiki. Ulitaka kulishwa kila Jumamosi, na kila Jumamosi ulikua. Amekula. Amejivua gamba. Amenenepa. Na sauti ya binti nayo ikanenepa, ikapata rangi, mpaka Harlan akashindwa kabisa kuona mahali pa kuikatia.

Ashlyn angetoka gerezani katikati ya Aprili.

*

Machi jua lilirudi, na Harlan Rentz akaanza kutafuta nyoka.

Aligeuza mabati yaliyoanguka nyuma ya ghala. Aligeuza magogo, mbao, milango ya zamani. Aliuzunguka uzio wake wote, ule uliokuwa na vipande vya mifupa myembamba bado vimenasa kwenye waya, na chini yake hakuona hata mmoja. Miaka hamsini ya jembe ilikuwa imefagia vizuri. Alikuta mijusi, siafu, buibui. Jioni alirudi na mikono iliyochubuka, akaketi mbele ya tangi tupu ambalo mkeka wake wa joto hakuwahi kuuzima.

Siku moja mchana Malphrus alipiga yowe kutoka kwenye banda lake la kuku.

"Harlan! Njoo uone kichwa-shaba! Mnene kama mkono wangu!"

Harlan alikuwa hajakimbia tangu mkewe azikwe. Alikimbia. "Usimpige!"

"Unasemaje?"

"Weka jembe chini, Buford!"

"Mkono wangu haujui kuweka jembe chini nyoka akiwa mbele yangu!"

Nyoka alikuwa amejikunja kwenye kiota, mayai yamemzunguka, anatikisa mkia kwenye majani makavu. Rangi ya chungwa, madoa mekundu. Harlan aliingiza mkono mtupu. Nyoka alimng'ata kwenye kidole gumba, akamng'ata tena, lakini Harlan hakumwachia. Alimwinua kwenye mwanga akamgeuza. Tumbo lilikuwa na miraba myeusi na myeupe.

"Mama yangu wee, amekuuma! Kaa chini, usitembee, sumu itapanda!"

"Hakuna sumu. Tazama tumbo lake, kama ubao wa drafti. Huyu ni nyoka wa mahindi. Anakula panya, basi."

Malphrus alisogea, jembe bado limeinuliwa. Alitazama tumbo, akatazama damu kwenye kidole cha Harlan, akatazama uzio.

"Kwa hiyo wale tuliowatundika, miaka yote ile…"

Harlan alifuta kidole kwenye suruali.

"Usinijibu," Malphrus alisema. "Nina miaka sabini. Sitaki kuanza kuwakumbuka leo." Kisha akapunguza sauti. "Unampeleka ndani awe yule wa Ashlyn? Yule uliyenionyesha kaburi lake?"

"Ashlyn asijue."

"Mimi simo. Lakini mwanao yule ana macho, bwana."

Na kweli alikuwa na macho. Harlan aliliwaza hilo siku nzima, nyoka mgeni akigonga pua kwenye kioo akitafuta njia. Rangi zilikaribiana. Ukubwa ulikaribiana. Lakini Loula hakuwa na ncha ya mkia. Mlango wa kabati uliikata miaka sita iliyopita, ikabaki butu kama kidole. Mkia wa huyu ulichongoka mpaka ukawa mwembamba kama sindano.

Siku tatu alijiambia hapana. Siku ya nne alichukua mkasi wa kushonea wa marehemu mkewe, akauosha kwa spiriti, akambana nyoka kwa goti juu ya taulo.

Nyoka hana sauti ya kulia. Ndiyo maana watu humfanyia wapendavyo.

*

Ashlyn alifika na mfuko wa karatasi wenye vitu vyake vyote. Alikuwa amenenepa. Alikula kuku, akala mboga za majani zilizochemshwa na mfupa wa nguruwe, akapangusa mchuzi kwa mkate wa mahindi, akaomba mwingine. Harlan alimtazama akila na akawaza: hiki ndicho nilichonunua. Kila kipande.

"Sasa niende kwa bibi mkubwa," Ashlyn alisema, akisimama.

Harlan alimfuata mpaka mlangoni, akasimama pale na taulo la vyombo mkononi. Ashlyn alifungua vibanio vyote vinne. Aliingiza mkono taratibu, kiganja juu, kama alivyozoea. Nyoka alirudi nyuma, akajikunja, akatikisa mkia kwenye magome ya miti yaliyotandazwa chini yake, kwa sauti ya mvua ndogo. Kisha akapiga. Ashlyn aliurudisha mkono.

"Amenisahau harufu," alisema, na sauti yake bado ilikuwa na tumaini. "Ni sabuni ya kule. Loula, ni mimi, mama."

Akainama karibu na kioo. Mkia ulitikisika tena, akauona. Harlan aliona mgongo wake ukikakamaa.

"Baba, mkia wake una kidonda."

"Alijigonga."

"Kidonda kipya."

"Alijigonga kwenye kifuniko, mwanangu."

"Palepale alipokatika zamani." Hakugeuka. "Baba. Huyu ni nani?"

Mlango ulikuwa wazi bado. Harlan alijua hivyo. Hata miaka mingi baadaye, akikumbuka, alijua kwamba pale palikuwa na mlango, na binti yake mwenyewe ndiye aliyeushikilia kwa mguu usifunge.

"Ni Loula," alisema. "Umekaa mbali muda mrefu."

Ashlyn aliketi kitandani, mahali palepale alipokuwa amemkalisha yeye. Hakulia.

"Na Sarge alitoroka," alisema.

Ndipo Harlan akasema yote: sandwichi, panya wa ghala, foronya, daraja. Yalitoka kwa haraka na kwa mpangilio mbaya. Alipofika kwenye mkasi alinyamaza, na Ashlyn akamalizia mwenyewe.

"Ulitumia mkasi wa Mama?"

"Sikutaka uumie, Ash. Ulisema usingekula…"

"Nilisema. Najua nilisema." Alijishika uso kwa viganja. "Ungeniambia ningelia wiki nzima. Wangenipeleka hospitali, wangenitia mirija. Halafu ningekula, Baba, kwa sababu watu hula. Halafu ningerudi nyumbani."

"Umerudi nyumbani."

"Nilirudi kwa Loula na kwa mtu aliyenipa mkono. Nimekuta hawapo wote wawili."

Alimtoa nyoka mgeni kwa taulo, akampeleka nyuma ya ghala, akamwachilia chini ya mabati. Alisimama chini ya mwaloni muda mrefu. Kisha akaingia ndani, akampigia simu afisa wake wa parole, yule wa kuwasimamia waliotoka gerezani, na Harlan akamsikia kupitia ukuta akiuliza kama ile nafasi katika nyumba ya wanawake bado ipo.

Ilikuwapo. Asubuhi gari likaja. Kabla hajapanda, Ashlyn aliacha juu ya meza karatasi yenye namba ya simu, na chini yake ameandika: *Kwa jambo la lazima tu.*

*

Mei ilipita bila tone la mvua. Mahindi yakajikunja majani. Jumamosi zilikuja, simu haikulia.

Jioni moja, jua bado liko juu ya misonobari, Harlan alimwona Malphrus kwenye uzio akifunga kitu kwenye waya. Alijua kabla hajafika. Nyoka alikuwa ametundikwa tumbo juu. Miraba myeusi na myeupe, mkia butu, kidonda kimepona vizuri.

"Buford."

Malphrus alitazama nyoka, akatazama mikono yake. Utani ulikuwa umemtoka usoni. "Alikuwa kwenye njia, Harlan. Niliona rangi. Naapa, mkono ulitangulia macho. Nilipomgeuza kumtundika ndipo nikaona." Akameza mate. "Mimi nitanyamaza. Mtoto yuko mbali. Hana haja ya kujua."

Harlan alifungua waya. Alimbeba nyoka kwa mikono mitupu mpaka chini ya mwaloni, akamchimbia kando ya Loula. Kisha akanawa, akaketi jikoni, karatasi ile mbele yake. Hakuna ambaye angejua. Ashlyn angeishi maisha yake yote akiamini kwamba chini ya mabati ya baba yake kuna nyoka mmoja aliye huru. Lilikuwa jambo zuri kuamini. Lingemsaidia kula.

Alipiga namba.

"Nani?" Sauti ya Ashlyn ilikuwa ya kuchoka.

"Ni mimi. Yule nyoka uliyemwachilia amekufa. Buford amemuua leo kwa jembe. Nimemzika karibu na Loula."

Kwa mbali Harlan alisikia vyombo vikigongana, mwanamke akimwita mwenzake aje mezani. Alisubiri amkatie simu.

"Alikufa mara moja?" Ashlyn aliuliza.

Harlan alimkumbuka nyoka alivyokuwa bado anajikunja polepole kwenye waya alipomfungua, asitulie mpaka chini ya mwaloni.

"Hapana," alisema.

Ashlyn hakukata simu. Harlan alisikia pumzi yake tu, ikiingia na kutoka, na akaibana simu sikioni kwa mikono miwili, bila kuongeza neno, mpaka kule wakamwita Ashlyn mezani kwa jina lake.